Shangazi wa Maji Moto

Wengine wakichoka huenda Bukoba, wakakaa ufukweni, wakaagiza sato na kuliangalia ziwa. Mimi huenda Mtagata, kwenye maji moto, huko Kyerwa. Nimekwenda kila Julai kwa miaka tisa sasa, na mtu akiniuliza likizo yangu niliimaliza vipi, humjibu bila aibu kwamba nilikaa wiki mbili ndani ya maji na wanawake wenzangu, tukisuguana migongo.

Mara ya kwanza nilipelekwa na magoti. Nina hoteli ya chakula Omurushaka, wilaya jirani ya Karagwe, karibu na mahali mabasi yanapopakia, na nimesimama mbele ya moto kwa zaidi ya miaka ishirini. Daktari aliyaangalia magoti yangu, akaniandikia vidonge, akasema nipunguze kusimama. Nikamwuliza mpishi anapikaje amekaa. Akacheka, hakunijibu. Aliyenijibu ni dereva mmoja wa lori la ndizi aliyekuwa akija kula kwangu. Alisema mama yake alikuwa hawezi tena kupiga magoti kanisani, wakampeleka Mtagata, na aliporudi alipiga. Wiki ile ile nilimwachia binamu yangu funguo za hoteli, nikafunga godoro, sufuria mbili na mkungu wa ndizi, nikaondoka.

Mtu asitarajie hoteli ya vitanda vya shuka nyeupe. Ni msitu mdogo bondeni, miti mikubwa imeshikana juu, na chini yake maji yanatoka kwenye miamba yakifuka mvuke. Wanaume wana upande wao na wanawake upande wao. Wageni hulala vibandani au hupanga chumba kwa wenyeji, kila mtu na mafiga yake. Asubuhi unaoga, mchana unalala, jioni unaoga tena. Tumbili wakikukuta umezubaa, ndizi si zako. Siku ya kwanza nilishuka majini polepole, kwanza vidole, kisha magoti, kisha kiuno, na nilipofika shingoni nilijiona mjinga. Nimezaliwa Ndama, nimeishi Ndama, na haya maji yalikuwa hapa miaka yote nikiwa nachemsha ya kwangu kwa kuni.

Siku ya tatu alipita mwanamke mwenye beseni kichwani akiwauzia waogaji chakula. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, mwembamba, na hakuitangaza bidhaa yake. Aliweka beseni juu ya jiwe na kufunua kitambaa, basi. Nilinunua sahani ya kisamvu na ndizi, nikaonja, nikaacha kutafuna.

"Umetia nini humu?"

"Kisamvu."

"Kisamvu nakiona. Nauliza kingine."

"Wewe ni nani unauliza hivyo?"

"Ni mpishi."

Alinitazama miguu iliyovimba, akanitazama mikono, akaamini. "Basi njoo nyumbani uone, mpishi. Hapa nauza chakula, siuzi maneno."

Jioni nilikwenda. Nyumba yao ilikuwa juu kidogo ya msitu, ya udongo na bati, imezungukwa na kibanja kidogo cha migomba na kahawa. Alichotia kilikuwa mafuta ya mawese. Kwetu hatuyapikii sana, lakini yeye alizaliwa hapo hapo Kyerwa na wazazi waliotoka Burundi, na kisamvu bila mawese alikiita majani ya mbuzi. Nilinyoosha mkono kukoroga chungu chake, mazoea tu, akanigonga vidole kwa mwiko, si kwa nguvu.

"Kaa chini, dada. Umekuja kuponya magoti au kunipa mtihani?"

Nikakaa. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia nikae jikoni tangu nilipokuwa mwali. Usiku huo nililala kwao, na kesho yake nilihamisha godoro langu kutoka kibandani. Toka hapo sijalala kwingine.

Mumewe nilichelewa kumfahamu. Alikuwa kibarua kwenye vibanja vya watu, na akirudi aliosha miguu, akanisalimu "Shikamoo, mama", akaenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Mimi ni mkubwa kwake kwa miaka saba tu, lakini alinipa heshima ya mama mzima. Habari zake nilizipata kwa mkewe, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Alivushwa kutoka Burundi mgongoni mwa mama yake akiwa na miaka minne. Mama alifia hapa. Ndugu waliobaki nyuma hakuwahi kuwaona tena, na majina yao aliyajua kwa sababu tu mama yake aliyataja kila alipoomba. Kinyambo, lugha yetu ya Karagwe, anakisema vizuri kuliko watoto wangu waliokulia Mwanza.

Walikuwa na watoto watano, na binti wa kwanza alikuwa na miaka kumi na mitano nilipofika. Chumba nilichopewa kilikuwa chake. Mwaka wa kwanza alinitazama kama mtu aliyeibiwa kitanda. Mwaka wa pili alinifulia kanga bila kuambiwa. Mwaka wa nne alinisomea barua ya mvulana wa shule, akaniuliza kama maneno yale ni ya kweli. Nikamwambia mwandiko ni mzuri, ukweli tutauona. Hivyo ndivyo tulivyozoeana. Mimi nilikuja na sukari, sabuni na madaftari; nikiondoka walinijazia maharage na kisamvu kilichotwangwa. Hotelini kwangu kisamvu cha mawese kikawa chakula cha Ijumaa, na madereva wakaanza kupanga safari zao kwa Ijumaa hiyo.

Mwaka wa saba nilishuka kwenye pikipiki pale uwanjani kwao nikaona mambo si ya kawaida. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa. Mume alikuwa nyumbani mchana. Mke alinipokea mzigo, akaniangalia, akaangalia pembeni.

"Kuna msiba?" niliuliza.

"Kuna posa," alisema. "Kaa kwanza unywe maji. Baba watoto ana neno."

Binti alikuwa amepata mchumba, kijana wa Isingiro, fundi seremala, Mnyambo, wa familia ya Kilutheri yenye kibanja kikubwa. Vijana wenyewe walikuwa wamekwisha elewana. Wazee wa kijana walitaka kuja Jumamosi. Mshenga wao alikuwa amefika kabla ili kupanga, na katika kupanga aliuliza swali ambalo kila mshenga wa kwetu huuliza: kwa upande wa binti tutawakuta nani? Baba wadogo ni wangapi? Shangazi ni yupi?

Kwetu posa bila shangazi ni kama chungu bila mafiga. Dada wa baba ndiye anayemfunda binti, ndiye anayemtoa ndani mbele ya wageni, na ndiye anayesikia kwanza ndoa ikiuma. Nyumba isiyo na shangazi watu huitilia shaka, hasa nyumba ambayo babu yake hajulikani kaburi lake liko kilima gani.

Mume alikuja akakaa mbele yangu kwenye kigoda. Hakuzunguka.

"Niliona haya," alisema. "Nikasema nina dada. Nikasema anaishi Ndama, ana hoteli Omurushaka, na huja kila mwaka mwezi wa saba."

Nilichukua muda kuelewa kwamba ananisema mimi.

"Uliniuliza?"

"Sikukuuliza. Nimekosa."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Binti sikumwona, lakini nilijua yuko nyuma ya ukuta, maana kuku walikuwa wamenyamaza upande ule. Sikukasirika, ingawa nilijaribu. Nilimwambia tu, "Ngoja nikaoge," nikachukua kanga yangu nikashuka msituni.

Nilikaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Nilimfikiria shangazi yangu mimi, mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza. Miaka mitatu ya kwanza ya ndoa yangu sikupata mtoto, na nyumba ya mume ikaanza kunong'ona. Shangazi alikuja kwa miguu, akakaa sebuleni kwao kutwa nzima bila kula, na alipoondoka minong'ono ilikuwa imekwisha. Sijui aliwaambia nini. Mimba ya kwanza ilikuja mwaka uliofuata, lakini hata isingekuja, nilikwisha jua kwamba kuna mtu wa kukaa upande wangu. Nikajiuliza kama naweza kumfanyia hivyo binti wa watu. Jibu lilikuwa ndiyo. Halikunichukua muda. Kilichonichukua muda ni ule uongo.

Niliporudi nilimkuta pale pale kwenye kigoda.

"Nitakaa," nilimwambia. "Nitakuwa shangazi, si wa Jumamosi tu. Lakini sitasema tulizaliwa na mama mmoja. Wakiniuliza, nitawaambia ilivyo."

"Ukiwaambia ilivyo, wataondoka."

"Wakiondoka kwa ukweli, wangemrudisha kwa uongo. Hapa Karagwe na Kyerwa nani asiyejulikana? Nimewapikia nusu ya Isingiro. Mtu mmoja tu akinitambua, umekwisha."

Mkewe akasema kutoka mlangoni, "Dada amesema." Mume akanyanyuka, akaenda kumalizia chokaa ukuta wa nyuma.

Usiku nilimpigia mwanangu wa Mwanza nikamweleza. Akauliza, "Mama, umepata kaka uzeeni?"

"Nimepata. Na wewe umepata mjomba. Siku ukipita Kyerwa, umsalimie."

Jumamosi walikuja watu kumi na wawili, wamevaa vizuri. Upande wetu mzungumzaji alikuwa jirani, mzee wa kanisa, mtu mpole. Mume alikaa kando yake akiwa na koti la kuazima. Sisi wanawake tulikuwa ndani na binti, ambaye mikono yake ilikuwa baridi kama ya mtu aliyetoka kuosha vyombo. Nilimwambia apumue kwa pua.

Salamu zilipoisha na kahawa ya kutafuna kuzungushwa, mshenga wao alisafisha koo. "Tumesikia hapa kuna shangazi. Tunaomba kumwona."

Nikatoka. Nilivaa kitenge changu cha Pasaka na nilitembea polepole kwa sababu ya magoti, ambayo siku hiyo yalinisaidia, maana mtu anayetembea polepole huonekana ana uhakika. Nikasalimu, wadogo wakaniamkia, nikakaa.

"Karibu, shangazi," alisema mshenga. "Wewe na baba wa binti mmefuatana vipi? Nani alimbeba mwenzake mgongoni?"

Lilikuwa swali la adabu, la kufungulia mazungumzo, lakini lilikuwa ndilo lenyewe. Nikaona mume ameinamisha kichwa.

"Mimi ni mkubwa kwa miaka saba," nilisema. "Lakini sikumbeba. Yeye alibebwa na mama yake kutoka Burundi, mimi nilibebwa na wangu Ndama. Hatukunyonya ziwa moja. Nilikuja hapa kuoga maji moto, wakanipa kitanda cha huyu binti, na nimekilalia kila mwaka. Mwaka huu baba yake ameniita dada mbele ya watu, nami nimeitika. Kama mnataka shangazi wa damu, hayupo, na hatutawaigizia. Kama mnataka shangazi wa kufanya kazi ya ushangazi, ndiye huyu mnayemwona."

Kijana mmoja wa upande wao akamwinamia mwenzake, akasema kwa sauti ya chini kwamba kumbe hata ndugu siku hizi wanakodishwa. Nimefanya kazi hotelini, sauti za chini ndizo ninazozisikia vizuri zaidi. Ni za wateja wanaolalamikia nyama.

"Nimekusikia, mwanangu," nilimwambia. "Sijakodishwa. Wiki mbili hizi mimi ndiye ninayelipia chumba."

Wazee wawili wakacheka, kijana akatazama viatu vyake. Lakini mshenga hakucheka. Aligeuka nyuma, alipokaa bibi mmoja mwenye kilemba cha zambarau ambaye hakuwa amesema neno tangu afike. Alikuwa shangazi wa bwana harusi. Bibi yule alinigeukia.

"Nikuulize moja," alisema. "Huyu mtoto akigombana na mumewe, akatoka na kanga moja, atagonga mlango gani?"

"Wa kwangu."

"Uko wapi?"

"Ikiwa ni mchana, Omurushaka, pale mabasi yanapopakia, aulize mama wa kisamvu. Ikiwa ni jioni, Ndama, nyumba yenye mparachichi mbele. Sifungi geti kabla sijamaliza kusali."

"Na ukimpokea, utamwambia nini?"

"Nitampa chakula kwanza. Kisha nitamwuliza nini kimetokea. Kisha nitamwita mume, naye nimpe chakula, nimwulize nini kimetokea. Baada ya hapo ndipo nitajua la kusema."

Bibi alitikisa kichwa kukubali. Akawaambia wenzake, si mimi, "Mimi shangazi yangu alikuwa wa damu. Nilipogonga kwake, alinirudisha bila kuniuliza hata jina la kosa. Huyu anafaa. Mshenga, endelea na kazi yako."

Mshenga akaendelea. Alitutoza faini ya kreti ya soda kwa kumficha shangazi msituni miaka saba, na jirani yetu mpole, ambaye hakuna aliyemtarajia kujibu, alisema kwamba shangazi hakufichwa, alikuwa analowekwa. Hapo ndipo watu walipocheka kweli, na mume wa rafiki yangu aliinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Nilipomrudia binti ndani, alikuwa analia bila sauti. Alinishika mkono akaniita "masenge". Ndivyo wanavyomwita shangazi kwa Kirundi. Mama yake alisema neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile kwa mtu aliye hai.

Ndoa ilifungwa Septemba. Nilimfunda kwa siku tatu, na yale ya kwao nisiyoyajua nilimwachia mama yake. Nilimtoa mimi ndani, nikamfikisha mimi Isingiro, nikala kuku wa shangazi mwenyewe, paja lote, mbele ya watu. Bibi wa kilemba cha zambarau alinikalia pembeni tukalinganisha magonjwa. Sasa binti ana mtoto wa kike. Mlango wangu ameugonga mara moja tu, mwaka jana, kwa jambo dogo la mama mkwe na chumvi. Nilifanya nilivyosema kwamba nitafanya. Mumewe alipokuja kumchukua alikula sahani mbili, wakaondoka kwa pikipiki moja.

Watu hudhani ukipata ndugu ukubwani unapata mazuri yake tu. Julai iliyopita nilifika nikamkuta kaka yangu amevimba uso. Mkewe akaniambia ana presha, alipewa vidonge zahanati, akavinywa mwezi mmoja akaviacha. Nikamwuliza kwa nini.

"Nina maji moto hapa mlangoni," alisema. "Watu wanatoka mbali kuja kupona. Mimi nimeze vidonge vya nini?"

"Mimi nayaoga mwaka wa tisa," nilimwambia. "Nimekaa ndani ya maji hayo kuliko wewe. Na vidonge vyangu vya magoti viko kwenye pochi, nameza kila siku. Maji ni ya kufurahisha mwili. Hayasomi kipimo."

"Dada, kila mtu ana imani yake."

"Imani si kuacha watoto watano kwa uvivu wa kutembea mpaka zahanati."

Lile neno uvivu lilimwuma. Mtu aliyelima vibanja vya wengine maisha yake yote, nikamwita mvivu mbele ya mkewe. Siku mbili hakusema nami. Alinisalimu asubuhi, akaenda shamba, akarudi, akala uso ukutani. Sikulifuta neno langu. Ningekuwa bado mgeni ningeomba radhi jioni ile ile na kulipia kwa kilo ya sukari. Mkewe alituangalia sote wawili na kupika kwa kelele.

Siku ya tatu asubuhi, nilipokuwa nafunga kanga niende majini, nilimkuta amesimama uwanjani. Amevaa lile koti la kuazima la siku ya posa, ambalo kumbe hakuwahi kulirudisha kwa mwenyewe, na mkononi ana daftari lake la zahanati.

"Unakwenda kuoga?" aliuliza.

"Nilikuwa nakwenda."

"Zahanati ni mbali. Magoti yako yataweza?"

"Tukitembea polepole."

Tulitembea polepole. Tulipofika tulikuta foleni ndefu ya akina mama na watoto wa kliniki, tukakaa kwenye benchi mpaka adhuhuri. Muuguzi alimpima, akampima tena, akamkaripia kuliko nilivyomkaripia mimi, naye akaitikia "ndiyo, ndiyo" kama mtoto wa darasa la kwanza. Akapewa vidonge vyake. Njia nzima ya kurudi alilalamika: foleni, jua, muuguzi mdogo asiyejua kuheshimu wakubwa, ukubwa wa vidonge. Nilimwacha alalamike. Tulipofika kwenye kilima cha mwisho alinipa mkono, nikaushika, tukapanda.